Plagi, Volti na Vyombo vya Umeme vya Nje: Maswali Ninayoulizwa Mwanjelwa

Meza yangu ya ufundi iko Mwanjelwa, Mbeya. Wanaofika hapa na maswali ya plagi ni wa aina mbili. Wa kwanza anasafiri: mwanafunzi, mfanyabiashara wa kwenda Guangzhou, mgonjwa anayepelekwa India, dereva wa lori anayevuka Tunduma. Wa pili amepokea: ndugu yake aliyeko ughaibuni amemletea blenda au sufuria ya umeme ya kupikia wali, naye amekwisha kuichomeka. Huyu wa pili ndiye anayeniuma. Chombo kizima, kimevushwa bahari kwenye begi la mtu, kinakufa sekunde ileile kinapoonja umeme wetu, na mara nyingi kilikuwa kimechomekwa kwa adapta nzuri kabisa. Nimeandika majibu haya ili vyombo vya namna hiyo vipungue mezani kwangu.

Kwani adapta haibadilishi umeme?

Haibadilishi. Adapta inabadilisha umbo la pini, basi. Ifikirie kama kiungio cha bomba: kinaunganisha bomba la nusu inchi na la robo tatu, lakini presha inayotoka tangini ni ileile. Umeme wa Tanzania ni volti 230, hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde. Ukichomeka chombo cha volti 120 kupitia adapta, kinapokea 230 zote.

Kinachobadilisha volti ni transfoma. Ya kushusha inaigeuza 230 kuwa 110 au 120. Ya kupandisha inafanya kinyume chake. Ndani yake kuna chuma na nyaya za shaba zilizozungushwa, ndiyo maana ni nzito. Vipo pia vigeuzi vyepesi vya ukubwa wa kiganja vinavyoandikwa wati 1600 au zaidi. Hivyo haviteremshi umeme kwa utaratibu; vinaukatakata. Pasi au mashine ya kukaushia nywele itavumilia kwa muda mfupi. Ukichomeka redio, kompyuta au kitu chochote chenye saketi ndani, utakiua kana kwamba hukutumia kigeuzi.

Nitajuaje kama chombo changu kinakubali umeme wa nchi niendako?

Soma kibandiko chake. Hakuna njia nyingine, na sitaki uniamini mimi wala muuzaji kabla hujakisoma. Kwa simu na laptopu, kibandiko kiko kwenye chaja. Kwa jagi la umeme kiko chini ya kitako. Kwa pasi kiko kisiginoni, kwa friji kiko nyuma au ndani ya mlango. Maandishi huwa madogo na rangi yake ni ya kijivu juu ya weusi, kwa hiyo yapige picha kwa simu kisha uikuze.

Tafuta neno INPUT. Mbele yake utakuta moja kati ya mambo matatu. Ukikuta 100-240V na 50/60Hz, chombo hicho kinafanya kazi kokote duniani penye umeme wa soketi, na adapta ya pini inakutosha. Ukikuta 220-240V, ni cha kwetu, Ulaya, China, India na sehemu kubwa ya Afrika; Marekani hakitafanya kazi ipasavyo. Ukikuta 120V peke yake, au 110V, au 100V, usikichomeke Mbeya bila transfoma hata kwa kujaribu. Kwa chombo cha namna hiyo, kujaribu ndiko kuua.

Watu wengi huchanganya mstari huo na wa OUTPUT. Huo wa pili unaeleza umeme unaotoka kwenye chaja kwenda kwenye simu au laptopu, volti 5 au 19 kwa mfano. Hauhusiani na soketi ya ukutani.

Jambo moja la zamani kidogo lakini bado linaniletea kazi: kompyuta za mezani za mtumba. Nyuma, karibu na pale waya unapoingia, nyingi zina kiswichi chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Zikitoka Marekani huwa zimewekwa 115. Mwenye nayo anaifungua kwenye boksi kwa furaha, anaiwasha, unasikika mlio kama wa fataki. Kwa bisibisi ndogo angekisogeza kile kiswichi kwa sekunde mbili kabla ya kuwasha.

Kwa nini simu inavumilia volti zote lakini pasi haivumilii?

Chaja ya simu ya kisasa inaubadilisha umeme wa soketi uwe wa njia moja, inaukata mara maelfu mengi kwa sekunde, halafu inapima kinachotoka na kujirekebisha. Ukiipa 100 inavuta muda mrefu zaidi, ukiipa 240 inavuta kidogo. Kinachotoka kinabaki kilekile.

Pasi haina akili hiyo. Ndani mna waya wa joto tu, na waya huo hauwezi kukataa. Hapa hesabu ni muhimu, na wateja wangu huielewa upesi nikiiandika kwenye karatasi. Ukizidisha volti mara mbili, umeme unaopita nao unazidi mara mbili, kwa hiyo joto linazidi mara nne. Chukua jagi la Marekani la wati 1200 kwa volti 120. Linavuta ampea 10. Lichomeke Mbeya kwa volti 230: litataka kuvuta ampea 19 na kutoa wati 4400. Fyuzi ya plagi yetu ni ya ampea 13, na fyuzi haikatiki papo hapo kwa ziada kama hiyo. Waya wa joto utawahi kuungua.

Ukienda kinyume hakuna moshi, ila hakuna kazi. Jagi la hapa la wati 2000 ukilichomeka Marekani litatoa kama wati 540. Maji ya chai utayasubiri mpaka hamu iishe.

Fundi, mwanangu anakwenda kusoma China. Abebe nini?

Mama, abebe chaja zake na adapta mbili, basi. China wanatumia volti 220, hezi 50, karibu sawa na zetu, kwa hiyo hakuna haja ya transfoma. Tatizo ni pini. Soketi zao zina matundu mawili bapa yaliyosimama wima, na chini yake matundu matatu bapa ambayo mawili yameinama. Plagi yetu ya pini tatu nene haiingii. Matundu yale mawili ya juu kwa kawaida yanapokea pia plagi nyembamba ya pini mbili za duara.

Pasi na jagi aviache nyumbani. Mabweni mengi ya vyuo huko yanazuia vyombo vinavyovuta umeme mwingi, na vitu hivyo atavikuta madukani vikiwa tayari na plagi ya kule. Akimaliza masomo, alivyonunua huko vitafanya kazi hapa. Atabadilisha plagi tu. Ndivyo ilivyo pia kwa wafanyabiashara wa Tunduma na Mbeya wanaoleta mizigo kutoka huko: kwenye kontena sharti la kwanza liwe volti 220, kwa sababu viwanda vya China vinatengeneza pia vyombo vya volti 110 kwa ajili ya soko la Amerika, na boksi kwa nje hufanana kabisa.

Na anayekwenda India kutibiwa?

India ni volti 230, hezi 50. Plagi yao ni ya pini tatu za duara, ileile ambayo bado iko kwenye baadhi ya nyumba za zamani hapa kwetu, na ipo nyingine nene zaidi ya vyombo vizito. Kama nyumbani kwenu mnayo adapta ya zamani ya pini za duara, ibebe.

Kwa mgonjwa anayetumia mashine ya kupumulia usingizini, ya oksijeni au ya kuvuta dawa ya pumu, soma kibandiko mara mbili na umuulize daktari aliyekupa mashine kabla ya siku ya safari. Nyingi za mashine za kupumulia usingizini zinakubali 100 hadi 240. Mashine za kuvuta dawa zenye mota ndogo mara nyingi hazikubali. Ni za volti moja tu. Hapo sipendi mtu abahatishe hata kidogo.

Ulaya je?

Uingereza usihangaike: plagi ni ileile yetu ya pini tatu za mraba. Sisi tuliirithi kwao; kipimo chake kilitoka mwaka 1947, na soketi yake ina vifuniko vidogo ndani vinavyofunguka pale tu pini ndefu ya ethi, ile ya usalama inayopeleka umeme ardhini, inapoingia. Ireland, Malta, Kuprosi, Singapore, Malaysia na Hong Kong nao wanaitumia.

Bara la Ulaya wanatumia volti 230, hezi 50, ila pini ni mbili za duara. Ujerumani ethi iko pembeni kama vibati viwili, Ufaransa ethi ni pini inayochomoza kutoka kwenye soketi yenyewe, Italia wana tatu kwa mstari, Uswisi wana zao ndogo. Kwa chaja za simu na laptopu ndogo zisizo na ethi, adapta ya pini mbili nyembamba inaingia karibu nchi zote hizo. Kwa kitu chenye ethi, nunua adapta inayofaa Ujerumani na Ufaransa kwa pamoja, zipo.

Nikienda Dubai, Oman au Makka?

Dubai na Oman plagi ni kama yetu na volti ni kama zetu. Saudia plagi ni kama yetu na volti ni 230, ila hezi ni 60. Kwa simu na laptopu haidhuru.

Marekani, Kanada na Japani?

Hapa ndipo penye kazi. Marekani na Kanada ni volti 120, hezi 60. Japani ni volti 100, ndogo kuliko zote nizijuazo, na plagi yao ya pini mbili bapa inafanana na ya Marekani. Japani ina jambo la ajabu ambalo kila nikilieleza mtu husimama asikilize: upande wa mashariki, Tokyo ikiwemo, ni hezi 50, na upande wa magharibi, Osaka ikiwemo, ni hezi 60. Mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo walinunua mitambo ya Ujerumani, Osaka wakanunua ya Marekani, na mpaka leo nchi moja ina mifumo miwili. Baada ya tetemeko la mwaka 2011, upande wa mashariki ulipopungukiwa umeme, magharibi hawakuweza kuupeleka wote uliohitajika kwa sababu mitambo ya kubadilisha hezi ilikuwa michache.

Anayekwenda huko achukue vile tu vyenye 100-240V. Vingine avinunue akifika. Kubeba transfoma ya kupandisha umeme kwa ajili ya pasi ni kujipa mzigo mzito kuliko pasi yenyewe.

Na Japani inatuhusu hapa hapa pia. Kwenye mitumba ya Mwanjelwa na SIDO utakutana na redio nzuri sana, majiko na sufuria za wali zenye maandishi ya Kijapani. Pindua chombo usome. Kikiwa 100V, volti 230 zitakipa joto zaidi ya mara tano ya linalostahili. Bei yake nafuu inatokana na hilo, na muuzaji mwenyewe huenda halijui.

Ninavuka Tunduma au Kasumulu. Nahitaji adapta?

Malawi wanatumia plagi yetu. Zambia nayo ipo, pamoja na za pini za duara, kwa hiyo hoteli nyingine utakuta soketi isiyokubali plagi yako. Kongo ni pini za duara, volti 220. Msumbiji pini mbili za duara au zile tatu nene za Afrika Kusini. Afrika Kusini kwenyewe, plagi ile nene ya ampea 15 ndiyo iliyozoeleka, na sasa majengo mapya yana soketi nyembamba zaidi. Kote huko volti ni 220 hadi 230 na hezi 50. Madereva wa njia hiyo hubeba adapta moja ya plagi nene na moja ya pini mbili za duara, na nadhani wamefanya vizuri.

Plagi ya pini mbili haiingii kwenye soketi yetu. Si naweza kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu?

Najua karibu kila nyumba inafanya hivyo, kwa kalamu, kijiti cha kiberiti, hata kijiko. Naomba uache.

Lile tundu la juu ni la ethi, na ukiligandamiza unafungua vifuniko vya matundu mawili ya chini yenye umeme. Vifuniko hivyo viliwekwa kwa ajili ya vidole vya watoto. Mtoto akikuona leo unatumia kalamu, kesho atatumia msumari. Halafu pini za duara ni nyembamba kuliko nafasi ya soketi yetu, kwa hiyo zinagusa kwa shida. Penye mguso hafifu pana joto. Ndiyo maana unaona soketi imekuwa ya kahawia, kisha nyeusi. Na plagi ile haina fyuzi ndani, wakati saketi ya soketi zako ukutani imefungiwa kikatio kikubwa zaidi. Waya mwembamba utaungua kabla kikatio hakijajua kuna tatizo.

Adapta ya kubadili pini mbili kuwa tatu, yenye fyuzi yake, ni bei ya chai na maandazi ya siku chache.

Adapta nzuri naitambuaje?

Iangalie ampea zake. Zinaandikwa kwenye mwili wake: 6A, 10A, 13A. Adapta ndogo za safari nyingi ni za ampea 6, ambazo kwa volti 230 ni kama wati 1380. Ukiweka jagi la wati 2000 hapo, plastiki italainika. Itikise usikie kama kuna kitu kinacheza ndani. Chomeka plagi ukaone kama inashika au inaning'inia. Kisha tazama kama pini ya ethi ni ya chuma kweli au ni ya plastiki tu. Zile adapta za dunia nzima, zenye pini za kusukuma na kuvuta, nyingi hazipitishi ethi kabisa. Kwa chaja ya simu haina neno. Kwa pasi, jagi la chuma au kompyuta ya mezani sikubali, kwa sababu siku waya ukigusa bodi, ethi ndiyo ingekuokoa.

Dada yangu yuko Marekani, ametuletea blenda. Transfoma ya ukubwa gani inatosha?

Kwanza nieleze lililonipata, maana ndilo lililonifanya niliwekee swali hili uzito.

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa kujifunza ufundi. Dada yetu mkubwa alikuja likizo kutoka Marekani na sufuria ya umeme ya kupikia wali, amemletea mama kule Tukuyu. Mama aliosha mchele, akapanga vikombe mezani, jirani akaitwa aje kuona. Mimi ndiye niliyekuwa "fundi" wa nyumba, kwa hiyo nilipewa heshima ya kuchomeka. Nilikuwa na adapta mpya. Niliamini kuwa kama pini zimeingia, basi umeme umekubali. Taa iliwaka kwa nguvu isiyo ya kawaida, ukasikika mlio mdogo, harufu ikajaa jikoni. Mama hakunigombeza. Alikunja kitambaa alichoandaa cha kufunikia ile sufuria, akaenda kuwasha mkaa. Sijasahau namna alivyokikunja.

Sasa jibu. Angalia wati za chombo. Kama ni cha joto tu, sufuria au pasi, chukua transfoma iliyozidi angalau kwa robo: chombo cha wati 800, transfoma ya 1000. Kama kina mota, blenda au mashine ya kukandia, mota inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya kawaida yake. Blenda ya wati 600 ninaipa transfoma ya 1500 au zaidi. Maikrowevu ina mtego: wati 1000 zilizoandikwa mlangoni ni joto linaloingia kwenye chakula. Zile inazovuta kwenye soketi ziko nyuma, na zinaweza kufika 1500.

Transfoma za madukani mara nyingi hazifikii wati zilizoandikwa. Iguse baada ya dakika kumi za kazi. Ikiwa ya vuguvugu ni sawa. Ikikuchoma mkono, chomoa. Na usiiache imechomekwa usiku, kwa sababu inakula uniti za LUKU hata chombo kikiwa kimezimwa.

Kama hujatumiwa bado, mwambie dada: aina hizo zote zinauzwa hapa kwa volti 230. Fedha ya kununua transfoma nzuri mara nyingi inatosha kununua blenda nyingine hapahapa mjini.

Transfoma inatosha pia kwa friji na mashine ya kufulia za Marekani?

Volti itazishusha, hezi haitazigusa. Mota ya friji iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikizunguka kwa 50 inapungua kasi kwa moja ya sita na inapata joto zaidi. Inaweza kwenda miezi, kisha kompresa ikafa. Saa za zamani za umeme zinazohesabu mawimbi hupoteza dakika 10 kila saa. Maikrowevu zenye transfoma nzito ndani nazo hupata joto kupita kiasi. Friji na mashine ya kufulia za volti 120 sishauri mtu azilete, hata akipewa bure, isipokuwa kibandiko kimesema 50/60Hz.

Runinga?

Runinga bapa nyingi zinakubali 100-240V, lakini si zote, soma. Iliyotoka Marekani haitashika matangazo yetu kwa antena yake, kwani mfumo wao wa dijitali ni mwingine. Kwa king'amuzi na waya wa HDMI inaonyesha vizuri.

Mashine za nywele za saluni je?

Za kubebeka safarini mara nyingine zina kiswichi cha kuzungusha kwa sarafu, 120 au 240. Dada zangu wa saluni, kigeuzeni kabla hamjachomeka, na mkirudi kutoka safari kiangalieni tena. Pasi za nywele za kisasa nyingi ni 100-240V. Mashine za kukaushia kwa upepo nyingi si hivyo, kwa sababu zinavuta wati nyingi.

Stebilaiza yangu si inafanya kazi ya transfoma?

Hapana. Stebilaiza kazi yake ni kuituliza 230 inapopanda na kushuka, na hapa kwetu msimu wa mvua na radi, kuanzia Novemba mpaka Aprili, inaokoa vyombo vingi. Lakini kinachotoka kinabaki karibu na 220 au 230. Zipo stebilaiza zenye tundu la pili nyuma lililoandikwa 110V. Hilo linaweza kutumika kwa chombo kidogo, ila mara nyingi uwezo wake ni mdogo kuliko wa tundu la kawaida. Na siku mtu mwingine wa nyumbani akihamisha plagi kwenda tundu la kawaida, chombo kimekwenda. Kama utalitumia, ziba tundu jingine kwa gundi ya karatasi na uandike.

Naweza kukata plagi ya nje nikafunga ya hapa?

Kama volti zinakubaliana, ndiyo, na mimi naona ni bora kuliko adapta inayoning'inia miaka. Kwa waya za Ulaya na nyingi za China, kahawia ni umeme, buluu ni nyutro (waya wa kurudishia umeme), kijani yenye mistari ya njano ni ethi. Kwa waya za Marekani, nyeusi ndiyo umeme, nyeupe nyutro, kijani ethi. Hapo mafundi wa mtaani hukosea. Weka fyuzi inayolingana: chini ya wati 700, ampea 3, zaidi ya hapo, 13. Usiweke waya mahali pa fyuzi. Na kama plagi imeyeyushiwa pamoja na chaja yenyewe, hiyo usiipasue, tumia adapta.

Pawabanki inaruhusiwa ndegeni?

Inaruhusiwa kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo wa chini. Kikomo cha kawaida ni saa-wati 100. Kupata hesabu hiyo, zidisha mAh zilizoandikwa juu yake kwa 3.7 kisha ugawanye kwa 1000: ya 20,000 ni saa-wati 74, inapita. Kwa ndege za ndani ya China, tangu Juni 28, 2025 pawabanki lazima iwe na alama yao ya usalama ya 3C. Mwanafunzi anayeunganisha ndege Guangzhou kwenda mji mwingine asipokuwa nayo atanyang'anywa.

Nimekwisha kuchomeka, nimesikia mlio. Ndiyo basi?

Chomoa, usirudie. Kujaribu mara ya pili kuona kama ni kweli ndiko kunakomaliza sehemu zilizobaki. Usibadilishe fyuzi kwa kubwa zaidi.

Mara nyingi si basi. Chaja ya volti 120 ikipokea 230, kapasita yake ya volti 200 inapata zaidi ya 320 na kupasuka, lakini hiyo na fyuzi vinabadilishika kama saketi haijaungua. Blenda ikinguruma kwa nguvu kisha ikanyamaza, mota imeungua, na kuizungusha upya waya kunagharimu kuliko kununua. Sufuria za wali zina fyuzi ya joto, kitu kidogo kama punje ya mpunga, kinachokatika kabla ya vingine. Niletee chombo pamoja na waya wake na adapta uliyotumia, nione kilichotokea.

Ile ya mama niliifungua miaka kadhaa baadaye, nilipokwisha kuwa na meza yangu. Waya wa joto ulikuwa mzima. Niliweka fyuzi mpya nikaipeleka Tukuyu na transfoma ya wati 1000, nikaandika kwa kalamu ya rangi juu ya plagi: USICHOMEKE UKUTANI. Anapikia mpaka leo.